Shajara ya AG 100 ya Mzee, sehemu ya 4: kuirudisha Njombe juu ya gari

Kwa waliokosa huko nyuma: hii ni Yamaha AG 100 ya Mzee, ile aliyokuwa anazungukia vijijini enzi zake za ubwana shamba, ikaja kukaa kwenye banda la kuku miaka na miaka, mi nikaileta Dar ikiwa vipande kwenye viroba na sasa imekamilika. Pistoni mpya, sili mpya, spoku zimenyooshwa, tenki limepigwa rangi na fundi wa Buguruni ambaye anachelewa hatari ila mkono wake ni dhahabu. Imebaki kazi moja tu, irudi kwa mwenyewe. Nilidhani hii ndo sehemu nyepesi ya mradi mzima.

Jumamosi

Leo nimeumia roho. Nilikuwa naitoa Buguruni kwa fundi rangi kuileta nyumbani Tabata, hapo na hapo tu, nikachukua kirikuu elfu kumi na tano. Kijana wa kirikuu akaipandisha, AG ina stendi za pembeni mbili, kushoto na kulia, basi yeye akazishusha zote akijua sasa imekaa kama meza, akapitisha kamba ya manila juu ya siti, akafunga huku na huku kwenye vyuma vya bodi, akaipiga kofi kwenye siti kama mtu anayepiga ng'ombe mgongoni: "Hii haiendi popote braza."

Tuta la kwanza sawa. Tuta la pili nikaona kamba imelegea. La tatu bodaboda akatukatia mbele, dereva akakanyaga breki, pikipiki ikasogea mbele kama kiganja kimoja hivi, stendi zote mbili zikajikunja kwa wakati mmoja na ikalala upande wa kulia. Indiketa imekatika, keria ya mbele imechubuka. Tenki limepona kwa sababu usukani ulitangulia kufika chini.

Sikugombana na yule kijana maana mi mwenyewe nilikuwepo nikaangalia anavyofunga na nikanyamaza.

Jumapili

Nimekaa na chai naiwaza ile kamba. Kosa lenyewe liko wazi ukitulia. Siti ni sponji, na chini yake kuna springi za nyuma, sasa ukifunga kamba juu ya siti unakuwa umefunga juu ya vitu viwili vinavyobonyea, gari likiruka tuta pikipiki inashuka, kamba inapoteza mkazo, na ikishapoteza mara moja haurudi. Halafu stendi za pembeni zinakunjika kuelekea nyuma, ndo zilivyotengenezwa, kwa hiyo chochote kinachoisukuma pikipiki mbele kinazifungua. Stendi ni ya kupaki. Kwenye gari inatakiwa iwe juu, pikipiki isimame kwa mikanda na magurudumu yake yenyewe.

Sasa Njombe ni karibu kilomita 700 kutoka hapa. Nimeandika njia zote kwenye karatasi.

Kuiendesha mwenyewe: hapana. Injini ya 100cc ya tu-stroki iliyofungwa upya juzi, haijatembea hata kilomita mia, niipandishe Kitonga nikiwa katikati ya semi mbili? Mama akisikia tu hilo wazo atanipigia simu usiku kucha.

Basi: nilienda kuuliza, kijana wa mizigo akaniambia "tunailaza tu kwenye buti braza, usukani unafungua". Elfu themanini. Sasa kuilaza tu-stroki ni shida, kwanza ina tenki lake dogo la oili, itavuja, pili italalia mabegi na mabegi yatailalia, na petroli yoyote iliyobaki kwenye kabureta inatafuta njia ya kutoka chini ya watu hamsini waliokaa juu. Hapo hata bei sikujadili.

Treni: reli ya TAZARA inapita Makambako, na kutoka Makambako mpaka Njombe ni kama kilomita 60. Hii niliipenda sana, treni hairuki matuta. Lakini hesabu mara ngapi inanyanyuliwa: kupandishwa gari Tabata, kushushwa stesheni, kuingizwa kwenye behewa, kutolewa Makambako, kupandishwa gari lingine, kushushwa nyumbani. Mara sita. Na basi ukilihesabu hivyohivyo, Tabata mpaka stendi ya Mbezi, kisha buti, kisha Njombe stendi mpaka kijijini, ni sita vilevile.

Hapo ndo akili ikafunguka kidogo. Nilikuwa nalinganisha bei na aina ya gari, wakati kitu kilichoniumiza jana hakikuwa gari, kilikuwa mikono. Kila inaponyanyuliwa kuna mtu mgeni anashika keria au saiti mira au breki ya mguu kwa sababu ndo kitu kilicho karibu, na mi siwezi kumfundisha kila mmoja. Kwa hiyo nimefuta safu ya bei nikaandika safu ya "mara ngapi inaguswa". Karatasi imebadilika kabisa.

Yenye namba ndogo ni fuso. Kuna suka anampelekea mama mdogo viazi pale Temeke Stereo, anatokea Njombe kabisa, anashusha viazi usiku na kurudi akiwa mtupu au na matenga matupu ya nyanya. Akitoka Temeke anapita barabara ya Mandela, yaani anapita karibu kabisa na kwangu, ndo aende Ubungo na Morogoro Road. Kupandishwa mara moja, kushushwa mara moja. Nimempigia, kakubali kwa elfu sabini na nafasi yangu mbele ndani ya hiyo hiyo hela.

Shida ya fuso tupu kila mtu aliyepanda nyuma anaijua. Zile springi za mabamba zimewekwa kwa ajili ya tani za viazi, bila mzigo haziinami, linarusha. Kwa hiyo ufungaji lazima uwe wa ukweli.

Jumanne

Wazo: kama tatizo ni mikono, basi mikono isiguse pikipiki kabisa. Nitengeneze kitanda cha mbao, pikipiki ifungwe juu yake hapa nyumbani taratibu bila mtu kunipigia honi, halafu watu wanyanyue kitanda.

Nimenunua msindano, tubai-siksi mbili na tubai-foo nne. Nikamuuliza muuzaji mbao imetoka wapi, akasema Njombe. Kwa hiyo hii mbao imeshuka milima yote ile na sasa inarudi kwao imebeba pikipiki.

Vipimo: urefu mita 2 na sentimita 20, upana mita 1. Upana ndo nilibishana na jirani yangu seremala, yeye anasema sentimita 60 inatosha, mbao za kazi gani. Haitoshi. Kitanda kikiwa chembamba mikanda inasimama karibu wima, inaivuta pikipiki chini vizuri tu lakini haizuii kwenda pembeni. Nataka mkanda ulale, kama kamba ya hema ukiangalia kwa mbele. Akaniangalia, akasema "sawa injinia", akaendelea kukata.

Mbele nimeweka kitu ninachokiita hori: vipande viwili vya mbao vinabana tairi kushoto na kulia, kimoja cha mshazari mbele yake, kingine kifupi nyuma yake, tairi likishaingia limekaa kama mguu ndani ya gambuti. Ukiiachia pikipiki hapo inasimama yenyewe bila stendi, inayumba ila inasimama. Nimeiachia mara nne nikiwa nimetanguliza mikono kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea.

Kona zote nne nimetoboa nikapitisha boliti za macho, washa pana na nati chini. Skrubu za mbao hapana. Skrubu inashika nyuzi za mbao tu, na msindano ni laini, ukivutwa na tuta mia mbili unang'oka na kipande chake.

Jumatano

Mikanda. Nimenunua minne yenye racheti, ya upana wa inchi moja, pale Kariakoo. Ya kwanza niliyooneshwa ilikuwa bei nusu, nikaufungua mdomo wa racheti nikaona pini yake inacheza, nikairudisha. Halafu nikatengeneza vitanzi laini kwa mkanda wa zamani wa kiti cha gari, hivi ndo vinazunguka chuma cha pikipiki, ndoano ya mkanda inashika kitanzi na sio rangi.

Wapi pa kufunga, hapa nimekaa karibu saa nzima. AG ina keria ya chuma mbele na nyuma na zinakuita kabisa, "nifunge hapa". Ukifunga kwenye keria ya mbele unavuta bomba jembamba lililotengenezwa kubeba mfuko wa mbolea, sio kubeba pikipiki yenyewe. Ukifunga kwenye ncha za usukani, mkanda unapita juu ya waya wa klachi. Nimefunga pale chuma cha chini kinaposhika shokapu zote mbili, chini ya usukani. Ni kigumu, kiko katikati, na mkanda unapita bila kugusa tenki. Nyuma nimefunga kwenye fremu, karibu na vikanyagio vya abiria. Ya mbele inavuta mbele na chini, ya nyuma inavuta nyuma na chini, kwa hiyo zinavutana zenyewe kwa zenyewe na pikipiki iko katikati haina pa kwenda.

Kukaza: shokapu za mbele zishuke nusu ya safari yake. Nimeweka alama kwa chaki. Ukikaza kidogo, tuta linashusha shokapu, mkanda unalegea, ndoano inadondoka kwenye tundu na hadithi imeisha. Ukikaza mpaka mwisho, sili ulizobadilisha mwezi uliopita zinakaa na presha siku nzima, na tuta likija halina pa kumezwa linaenda moja kwa moja kwenye fremu. Nusu. Kisha kila ndoano nimeizungushia mpira wa tyubu isidondoke hata mkanda ukilegea.

Na hapo niseme kitu kuhusu mpira wa tyubu kwa sababu najua mtaniuliza kwa nini nisifunge nao wote, maana nchi hii imefungwa kwa mpira wa tyubu. Ni mzuri kwa kreti la soda nyuma ya boda. Kwa pikipiki juu ya gari unavutika, na ukishavutika unairudisha pikipiki kwa nguvu upande wa pili, inaanza kucheza kama kitenesi. Kushikilia ndoano sawa, kubeba uzito hapana.

Mtihani wa mwisho: nimeshika usukani nikautikisa kwa nguvu zote. Kitanda kizima kikatikisika pamoja nao, na mbwa wa jirani akakimbia.

Alhamisi

Petroli nimeimwaga yote kwenye dumu, nikafunga koki, nikaiwasha mpaka kabureta ikakauka ikazima yenyewe. Betri nimeitoa. Saiti mira nimezitoa. Indiketa zilizobaki tatu nimezitoa pia, kwa machungu. Picha za namba ya chasisi na namba ya injini, kopi ya kadi nimempa suka, kadi halisi ninayo mwenyewe.

Turubai limenipa mawazo. Likifungwa vibaya linapepea, na vumbi lililo chini yake linakuwa msasa. Nimeona gari la mtu lilitoka safari limefunikwa na rangi imekuwa kama glasi ya bafuni. Basi nikaamua jambo ambalo mke wangu amelicheka mpaka akakaa chini: tenki linang'oka kwa dakika tano, nimeling'oa, nimeliacha wazi juani mpaka harufu ikaisha, nimelifunga kwenye blanketi na khanga. Litasafiri mbele na mimi.

Ijumaa usiku

Fuso limefika saa tano kasoro. Vijana wanne wa kijiweni, elfu tatu tatu, kila mmoja kona yake, "moja, mbili, haya", kitanda kikapanda kwenye bodi ya fuso na hakuna hata mmoja aliyegusa pikipiki. Pikipiki kama kilo mia, kitanda kama thelathini. Nilitamani kupiga makofi.

Tumekisukuma mpaka mbele kabisa kikagusa ukuta wa bodi nyuma ya kebini. Mkia wa gari ndo unarushwa zaidi ya sehemu yoyote, mbele kuna nafuu. Tandiboi akafunga kitanda kwa kamba yake ya manila kwenye vyuma vya pembeni, mi nimechoka, nikaangalia kwa tochi ya simu nikaona kamba ipo, nikapanda mbele na mtoto wangu wa blanketi.

Suka akaliangalia lile furushi la khanga. "Mtoto wa miezi mingapi?"

Nikamwambia ni tenki. Akanyamaza mpaka Kibaha.

Jumamosi, njiani

Chalinze tumesimama kunywa chai na nikapanda nyuma kukagua. Mkanda wa mbele kulia umelegea, vidole viwili vinapita. Nilitegemea: vitanzi vinajivuta, tairi linajikalisha ndani ya hori, mbao mpya inabonyea. Nimekaza mpaka chaki ikarudi mahali pake. Mtu ukifunga tu na kwenda moja kwa moja bila kukagua baada ya kilomita za mwanzo, hukufunga.

Mikumi tumepita taratibu, pale barabara ni kama kilomita 50 ndani ya hifadhi na mwendo una kikomo, matuta yapo, twiga walikuwepo. Mikanda haikusogea.

Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu, nikapanda tena nikiwa na furaha zangu. Pikipiki iko vilevile juu ya kitanda, chaki haijasogea hata unywele. Lakini kitanda chenyewe kimetoka kwenye ukuta wa bodi, kuna nafasi ya shibiri nzima. Wiki nzima nimefunga pikipiki kwenye kitanda kwa akili zote nilizopewa, halafu kitanda kwenye gari nikaachia kamba ya usiku. Na mbele yetu ni Kitonga, mlima mrefu, kona juu ya kona, mzigo wote unataka kurudi nyuma.

Nikatoa racheti ya akiba, nikakuta ndoano yake haiingii kwenye chuma cha bodi, ni kinene. Nimehangaika nayo. Tandiboi alikuwa anakula kitunguu kibichi na chumvi, akaniangalia weee, mwishowe akasema, "Kaka shuka nikuoneshe."

Akakisukuma kitanda kwa miguu mpaka ukutani, akaviringisha tairi la spea akaliegemeza nyuma yake, kisha akachukua manila ileile. Akapiga kitanzi kidogo katikati ya kamba, ncha akaipitisha chini ya chuma cha bodi, akairudisha juu ndani ya kile kitanzi, akavuta kwa kujiachia uzito wa mwili wote nyuma. Kamba ikalia. Ni kapi kabisa lile, unavuta mara moja kamba inavuta mara mbili au zaidi, bila racheti wala duka. Akafanya hivyo kona nne, kila fundo akilimalizia kwa kishikizo ambacho ukivuta ncha kinafunguka chenyewe.

Nikamuuliza jana mbona hukufunga hivi. Akasema jana ulikuwa una haraka ya kupanda mbele na mtoto wako.

Kitonga tumepanda kwa gia ya pili na ya kwanza, semi moja imesimama katikati na mawe nyuma ya matairi, mi nimegeuza shingo kwenye kidirisha cha nyuma njia nzima. Ilula nimekagua, kitanda kiko ukutani. Mafinga nimekagua kwa mazoea tu. Nyololo sikushuka.

Jumapili, nyumbani

Kushusha: hakuna jukwaa hapa kijijini, ila kuna ukingo wa barabara ulio juu karibu sawa na bodi ya fuso. Suka akarudisha nyuma mpaka bodi ikagusa udongo, mbao mbili katikati, kitanda kikateleza. Tumetumia watu watatu, mmoja wao ni mwenyekiti wa kitongoji aliyekuwa anapita zake.

Mzee akatoka na koti lake, "Kamwene", tukaitikiana, akaizunguka pikipiki mara mbili bila kusema neno. Mi nikafungua khanga, nikalifunga tenki mbele yake. Akapitisha kidole kwenye keria ya mbele, pale pale pa mchubuko wa kirikuu. Nimepaka rangi pale mara mbili, sikudhani mtu anaweza kupaona.

"Hapa ilianguka."

"Ndiyo baba. Dar. Kabla sijajua kufunga."

Akaitikia kwa kichwa. Mafuta yakawekwa, kiki ya sita ikawaka, ikatoa moshi mweupe banda zima la kuku likashangilia. Ila inasongwa, haivuti vizuri, niliiseti Dar usawa wa bahari na huku ni karibu mita 2,000 juu, hewa nyepesi mafuta mengi. Nimeshusha sindano ya kabureta tundu moja, ikapata nafuu. Jeti ndogo, kile kitundu cha kupimia mafuta kwenye kabureta, nitaituma kwa suka wiki ijayo.

Jumatatu

Niliamka nikaenda kuangalia kitanda, nilishapata mtu Dar anataka kukinunua, ana pikipiki ya CG anaipeleka Singida. Nimekuta Mzee ameamka kabla yangu na nyundo. Tubai-siksi ziko kwenye banda, zimeshakuwa chaga za kuanikia mbegu za viazi, hori la tairi ametengenezea kihori cha kulia kuku, na boliti zangu nne za macho zimeingia kwenye kopo lake la misumari, juu ya friji, limefungwa kwa mpira wa tyubu.